Tundu Lilikuwa Lingali Moto

Ndugu zangu wa Nchelenge, jina la Bwana lisifiwe! Nasimama na haya, lakini nasimama.

Nilikuwa kapita, musimamizi wa wachimbaji, kwa Wabeleji, upande wa Katanga. Tulitoboa njia chini ya mulima, na mulima ule ulikuwa na moto tumboni! Maji yaliyotoka mwambani yaliunguza mukono. Mutu alichimba kidogo, akatoka kupumua, mwingine akaingia. Kunda, mudogo wa muke wangu, mimi ndiye niliyemutoa kwao Kashikishi nikamuombea kazi ile.

Sheria ilikuwa moja: kwanza mwaga maji baridi ndani ya tundu lililotobolewa mwambani mpaka lipoe, ndipo utie baruti. Mwamba ukiwa moto, baruti inalipuka yenyewe.

Siku moja kundi lililochimba kutoka upande wa pili wa mulima lilitupita kwa kazi. Muzungu, mukubwa wetu wa kazi, akanitukana mbele ya watu wangu. Ndugu zangu, majivuno yalinishika! Kunda alikuwa ameshika mupira wa maji. Nikamwambia, "Acha maji. Tia baruti."

"Shemeji, tundu hili lingali moto."

"Kapita ni mimi!"

Akanitii. Baruti ikalipuka kabla hajatoka. Mimi nilikuwa nyuma ya gari la mawe, nikapona.

Muzungu alipouliza, nikajibu, "Kunda alisahau kupoza tundu." Uongo huo ulifika Kashikishi kabla yangu. Nikaukuta umekaa nyumbani kwao.

Nilirudi huku, nikaanza kuvua samaki, nikaimba hata katika kwaya yenu. Miaka ikapita. Halafu Jumapili moja mama mukwe wangu alisimama katika kanisa hili, akamwomba Mungu amusamehe mutoto wake aliyekufa kwa uzembe. Ee Bwana! 

Tulipotoka nilimwambia muke wangu yote. Alilia, lakini akanipeleka. Nikapiga magoti nje ya jiko la mama yake, macho chini, nikasema yote.  Mama akasema, "Kumbe mutoto wangu hakuwa muzembe."

Hakuongeza neno. Mpaka leo hajasema amenisamehe, nami simudai. Mungu alinitoa katika uongo, namshukuru kwa machozi. Lakini Kunda harudi.

Ndugu yangu unayeficha neno, mutegemee Yesu, uliseme leo, wakati yule uliyemuumiza angali hai kulisikia. Amina.