Dursun Kalaycı, Fundi Aliyebandua Jina Lake Mlangoni

Marehemu Dursun Kalaycı alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 katika kijiji kimoja cha Çorum, Uturuki, mtoto wa tatu wa mzee Satılmış na mama Döndü. Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini, kisha akajifunza ushonaji kwa mjomba wake.

Mwaka 1972 alikwenda Berlin kushona makoti kiwandani. Mwaka 1994 alihamia mji mdogo wa Altwiesa, jimbo la Saksonia, Ujerumani, karibu na mpaka wa Ucheki, akafungua duka la kurekebisha nguo. Alikuwa mtu wa utani. Tarishi wa mtaa alipoleta suruali ipanuliwe kwa mara ya tatu, alimwambia, "Bwana Uwe, kitambaa kimeniishia. Sasa punguza wewe tumbo."

Alimwoa Bi. Hacer mwaka 1976, wakajaliwa watoto wawili.

Mwezi Mei 2021, magaidi wa mrengo wa kulia, wale wanaotaka wageni wote waondoke, walichoma mgahawa wa rafiki yake Nevzat, naye akafia ndani. Polisi walisema kundi hilo lina wenzao ng'ambo ya mpaka, na kwamba silaha zao hazijapatikana zote. Tangu hapo marehemu aliogopa, na hatuoni haya kulisema. Alilala na viatu miguuni. Hatimaye akabandua jina lake kwenye kengele ya mlango wa jengo, akabandika "Krüger", jina la Kijerumani.

"Krüger ndo nani, wewe mzee?" Bi. Hacer alimuuliza. "Na masharubu hayo?"

"Cheka tu. Wakija kutafuta Mturuki, wapite."

Asubuhi ya tarehe 14 Januari 2023 moyo ulimbana ghafla. Bi. Hacer alipiga simu ya dharura, akataja jina lao. Wahudumu walifika upesi, wakasoma kengele zote, wasione Kalaycı, wakadhani wamekosea jengo, wakaenda la jirani. Juu, Bi. Hacer alikuwa amemshika mkono mumewe, akisubiri kengele ilie. Waliporudi na kupanda ngazi, mzee alikuwa ameshakata roho.

Juzi mwanawe Selçuk aliomba majina ya familia yasichapishwe hapa. "Mama, karatasi hizi ataziokota yeyote."

"Naogopa kuliko wewe, mwanangu," alijibu Bi. Hacer. "Lakini baba yako tulimficha mpaka waliokuja kumwokoa wakampita. Andika."

Marehemu ameacha mjane, Hacer Kalaycı. Watoto, Selçuk Kalaycı na Nurten Kalaycı. Na wajukuu, Defne Kalaycı na Tuğrul Kalaycı.

Mwenyezi Mungu amrehemu. Apumzike kwa amani, pasipo hofu.