Makohozi Yangu Yalikuwa Safi

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena! Leo naomba mnivumilie hadi nimalize, kwa maana mara ya mwisho niliposimama hapa niliwaambia jambo ambalo halikuwa kweli, na mimi mwenyewe sikujua.

Wengi mnanijua. Mimi ndiye karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa hapa Githongo. Nilianza kukohoa msimu wa kuchuma wa mwaka 1993, nikasema ni vumbi la maganda. Lakini wakulima wakishaenda nilikuwa najining'iniza kwenye ile mizani, na kila Jumatatu mshale ulisimama chini kidogo. Niliogopa, ndugu zangu!

Mke wangu Karimi akanipeleka hospitali. Nikapimwa makohozi mara tatu. Majibu yakatoka: hakuna TB. Jumapili hiyo nikaja hapa mbio, nikashuhudia kwamba Bwana ameniponya. Mliimba! Mlipiga makofi mpaka mabati yakatetemeka. Na hapo ndipo nilipojifunga. Maana hapa kwetu mtu aliyeshuhudia uponyaji harudi hospitali. Atawaambia watu nini? Kwamba Mungu amegeuka? Nikawa nakoholea ndani ya koti. Kwenye ibada nilitoka nje kama mtu anayeenda haja. Miezi mitatu! Homa, jasho la kulowesha godoro, utando mweupe mdomoni hadi chai ikanishinda. Nikafika kilo arobaini na mbili. Gunia la kahawa lilinizidi!

Jumapili moja Karimi alisimama mlangoni akanizuia kuja kanisani. Akaniambia, "Baba Mwenda, wewe unaona aibu ya kanisa, mimi naona jeneza. Kesho tunarudi hospitali."

Daktari alinitazama mdomo kwanza, akauona ule utando. Akaniomba ruhusa ya kupima damu, akanituma nipigwe picha ya kifua. Halafu akaiinua ile picha dirishani. Ndugu zangu, niliona ndani yangu mwenyewe! Mawingu meupe pande zote mbili. Akanieleza polepole kwamba damu yangu ina virusi vya ukimwi, na mwenye virusi hivyo anaweza kuwa na TB isionekane kwenye makohozi. Makohozi safi, na huku mapafu yanaliwa! Hata dawa alizichagua kwa uangalifu. Aliacha kidonge kimoja wanachopewa wengi, kwa sababu mimi kingeweza kunibabua ngozi mwili mzima. Nilibaki nimeshangaa. Mungu alimpa binadamu akili ya kumwona adui aliyejificha nyuma ya adui mwingine!

Nilitumia dawa miezi minane. Miwili ya kwanza ilikuwa na sindano kila siku, na Karimi alinishikia kikombe akinitazama nikimeza. Jasho likakoma. Mwezi wa tatu nikajining'iniza tena, na mshale ukapanda! Nililia pale kiwandani peke yangu. Juzi daktari aliniambia TB imeisha.

Lakini sitawadanganya mara ya pili. Virusi bado vimo, na dawa ya kuviondoa hakuna. Sijui nitaishi miaka mingapi. Najua tu kwamba nilikuwa kilo arobaini na mbili na leo ni hamsini na nane, na mwanangu Mwenda bado ananiita baba. Wema huo wa Bwana niliumeza na maji kila siku, na ninamshukuru! Nawashukuru na ninyi mlioniombea bila kujua mnaombea nini.

Sasa, kuna mtu hapa ambaye ametoka nje mara mbili tangu nianze kusema. Sitakutaja. Njia hiyo ya nyuma ya kanisa naijua vizuri. Mtumaini Bwana, na kesho asubuhi uje kiwandani. Tutapima kilo zako kwanza, wewe na mimi tu. Kisha nitafunga mizani, twende hospitali pamoja.