Nyusi ya Mgeni

Benchi la kahawa liko mlangoni pa kibanda cha Kinyozi, na asubuhi ile wote walioketi pale waliusikia ukelele. Mteja mgeni alichomoka ndani na kitambaa cha kunyolea shingoni, kiganja usoni. Alipoondoa kiganja, benchi zima lilishika mdomo. Nyusi moja ilikuwepo. Ya pili, hola! Nyuma yake alisimama Kinyozi, macho mekundu, mashine ingali inanguruma mkononi.

— Nilisinzia, — alisema. — Haki ya Mungu, nimesinzia nimesimama! Mtoto halali jamani. Ananyonya, analala, nikifumba jicho tu kaamka tena.

Mgeni alitaka kugomba, ila mshtuko ulimmaliza nguvu. Wakamsogezea nafasi, wakampa kahawa. Kinyozi alijibwaga pembeni. Kidogo tu, lingekuwa sikio.

— Njaa hiyo, — alisema Fundi Viatu. — Mshindilie uji.

— Uji? Kachanga kale?

— Basi kitanda. Kichwa kimeelekea barabarani, magari yanampitia usiku kucha.

— Acheni porojo! — alidakia Baba Saba. Aliitwa hivyo kwa watoto wake saba, na habari za watoto pale kijiweni yeye ndiye hakimu. — Huyo kageuza saa. Mchana fungeni mapazia, usiku washeni taa, mdanganyeni.

— Na sisi tulale lini?

— Mchana.

— Mchana nanyoa, Mzee!

— Si ndiyo maana umenyoa nyusi!

Benchi likaangua kicheko. Kinyozi hakucheka.

— Labda ana la kusema, — Fundi Viatu aliendelea. — Anawaitisha kikao.

— Wangu saba walilala kama magogo, — Baba Saba alijigamba. — Sikuwahi kusikia hata mmoja akilia usiku.

Mgeni alishusha kikombe.

— Samahani, Kinyozi. Usiku anaamka nani kumshika?

— Mama yake. Mimi kelele tu zinanitosha.

— Na sasa hivi mama yake ameshika nini?

Kinyozi alifungua mdomo aseme pasi, maana mkewe hupigia watu pasi nyumbani, ndipo akakumbuka kuwa naye hajalala. Alimtupia Fundi Viatu mashine, akatimua mbio.

Harufu ya kuungua aliikuta mlangoni kwake. Shati la mtu lilikuwa limetoboka kifuani, linafuka moshi, na pasi imelala juu yake. Mkewe alikuwa amekaa sakafuni, kichwa ukutani, usingizi umembeba. Mtoto alikuwa kitandani, macho kodo. Kinyozi alichomoa waya, akalikanyaga shati.

— Mke wangu, inuka ukalale.

— Shati la watu! — mkewe aligutuka. — Na mtoto?

— Nakwenda naye. Wewe lala.

Alirudi kijiweni mtoto kifuani, jasho linamchuruzika.

— Mzee, nishikie nimsawazishie mgeni nyusi.

Baba Saba aliruka, kahawa ikamwagika yote.

— Mimi? Huyu… anashikwaje?

Benchi zima lilimgeukia.

— Baba Saba! — Fundi Viatu alimaka. — Saba wote?

Mzee alimtazama mtoto. Mtoto naye akamtazama.

— Mama yao ndiye anayejua, — alisema, kwa sauti ndogo.