Watoto Waliosimama Taarifa ya Habari Ilipoanza

Wasikilizaji wapendwa, naapa mbele ya kipaza sauti hiki: nitakayosema leo ni kweli tupu. Mnanijua. Mimi ni Babu Kisyeri, mstaafu wa posta, msimulizi wenu wa hadithi za watoto. Leo hadithi imepisha kumbukumbu. Leo sitii chumvi. Na ili mniamini, nimeketi na Agustina, mdogo wa marehemu tunayemkumbuka leo.

"Shikamoo, mzee," anasema Agustina. "Ukiongopa nakutoza faini ya dada."

Marahaba. Faini ya dada yake, huyo marehemu, ni debe la ulezi, la uji wa watoto. Mzazi aliyechelewa kumchukua mwanawe alileta ulezi. Mgeni aliyeahidi madawati asiyalete, alileta ulezi. Hata padri aliwahi kuleta. Sijui alifanya nini.

Tunamkumbuka Mwalimu Petronila, wa chekechea ya Nyangoto. Tulimzika mwezi uliopita. Mwalimu Petronila alifundisha watoto mia nne kwa mkupuo...

"Arobaini."

Arobaini. Lakini kelele zilikuwa za mia nne.

"Hiyo nakusamehe. Endelea."

Petronila alikuwa mdadisi, wasikilizaji. Jambo likimshangaza, alilifuata mpaka nyumbani kwake. Miaka sita iliyopita, siku ya wazazi, alimsimamisha mtoto Imrani atoe shairi. Imrani alikuwa na miaka minne. Baba yake, Hamidu, alitoka Kigoma kutafuta dhahabu. Mtoto akasimama wima, akapaza sauti: "Baba umechoka? Unalala mapema? Kijiko asubuhi, kijiko jioni, mama atakushangilia!"

Wazazi walicheka hadi wakashika mbavu. Lile lilikuwa tangazo la redio yetu. Dawa ya akina baba, mnaelewa.

Petronila hakucheka. Alichuchumaa, akauliza, "Nani amekufundisha, mwanangu?"

"Babu wa redioni."

Wiki hiyo hiyo Imrani aliikuta chupa ya dawa hiyo chini ya kitanda cha baba yake. Alikunywa. Alitaka nguvu kama za tembo wa kwenye hadithi zangu. Alilala zahanati siku mbili, moyo ukimwenda mbio, mama yake akiwa kando amemshika kidole gumba. Alipona, tunashukuru. Siku mbili, wasikilizaji.

Wengine wangemchapa. Petronila aliuliza: mtoto huyu ana akili, kwa nini alidanganyika? Akabeba redio hadi darasani. Akawaambia watoto, "Hadithi ikiisha, simameni."

Hadithi ikaisha. Hakusimama mtu. Likaja tangazo la dawa. Hakusimama mtu. Wakasikiliza, macho yametoka, wakimngoja tembo arudi. Taarifa ya habari ilipoanza, ndipo wote arobaini wakasimama.

Kumbe kwao tangazo lilikuwa hadithi bado.

Petronila akawachukua, wakatembea kwa miguu hadi redioni mjini Tarime, mvua ikisimama kuwapisha...

"Walipanda lori la mchanga, mzee. Na lilikuwa jua."

Lori la mchanga. Wakaketi sakafuni kwenye korido yetu, redio ikiwa imewashwa. Petronila akamwambia meneja, "Mura, kijana wangu, keti nao. Hadithi ikiisha, usimame." Meneja aliposimama peke yake, watoto wakamvuta suruali: "Kaa! Haijaisha!"

Siku hiyo meneja alikubali. Tangazo likahamishiwa saa nne usiku, watoto wakiwa wamelala.

"Mbona Jumatatu nimelisikia saa kumi na moja kasoro?" anauliza Agustina.

Labda redio yako ni mbovu, mama.

"Redio yangu ni nzima. Dada amezikwa, tangazo limerudi. Na kitu kimoja hujawaambia wasikilizaji. Kwa nini watoto hawakujua hadithi inaishia wapi?"

Watoto ni watoto.

"Mzee Kisyeri. Tangazo lilisomwa na nani?"

Wasikilizaji wapendwa... niwieni radhi, nimekunywa maji kidogo.

Lilisomwa na mimi. Sauti ya hadithi na sauti ya tangazo ni moja. Imrani alimwamini babu yake wa redioni, na babu huyo ni mimi. Jumatatu pia nilisoma mimi. Nilijiambia Petronila hayupo, nani atakuja tena na lori?

"Ulezi," anasema Agustina.

Debe nitalileta kesho Nyangoto. Nitalibeba mwenyewe kichwani, na Agustina ataniona.

Kwa familia ya Mwalimu Petronila, poleni sana. Poleni wazazi wa Nyangoto, poleni wanafunzi wake. Mungu amlaze pema. Na sisi tuliobaki tujiulize: mtoto wako akiimba kitu jioni hii, anakitoa wapi? Usimchape. Muulize, kisha msikilize. Nasi wenye vipaza sauti, tujiulize ni nani ameketi upande wa pili.

Sasa ni saa kumi na moja kasoro dakika moja. Karatasi ya tangazo iko mbele yangu. Meneja ananipungia mkono nyuma ya kioo, nisome. Sisomi. Dakika hii naitoa kwa Mwalimu Petronila, iwe ya kimya, mpaka taarifa ya habari.

Na ninyi watoto mnaonisikiliza, babu yenu anawaambia kweli: hadithi imeisha. Simameni.