Ndugu Theodora na Tuta la Kanuni ya Saba

Leo Jumamosi, tarehe 16 Desemba 2023, Ndugu Theodora Sayi, Katibu wa Chama cha Wavuja Jasho Mkoa wa Tabora, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa na nusu ya utumishi. Ratiba mliyoishika inasema anastaafu "kwa heshima". Maneno hayo yametoka makao makuu, Dar es Salaam. Mimi nimeombwa kuandika wasifu wake na nitauandika kwa heshima pia, ila heshima yangu leo ina hasira ndani yake, mtanivumilia.

Anayeandika ni Fikiri Abbasi, mtoto wa Tabora mjini, fundi wa vipaza sauti wa chama. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe ndiyo iliyoniacha, lakini lori nimeendesha mpaka Lubumbashi, Bujumbura nimelala, na Lusaka wapo wanaoniuliza nitarudi lini. Nimefunga spika kwenye mikutano ya vyama katika nchi nne. Kwa hiyo nikisema katibu kama huyu sijamwona, mjue nimezunguka nikatafuta.

Ndugu Theodora alizaliwa hapa hapa Puge mwaka 1963. Alisomea kupiga chapa Tabora mjini, akaajiriwa katika ofisi yenye feni na chai ya saa nne. Juni 1994 akaiacha, akaja kwenye chama kilichokuwa na meza moja. Meza yenyewe ilikuwa ya seremala: mchana inarandiwa mbao, jioni ndiyo ofisi ya mkoa. Barua zetu za mwanzo zilifika Dar es Salaam zikiwa na maranda ndani ya bahasha. Makao makuu wakadhani ni ishara ya siri ya mapinduzi.

Mwezi uliofuata tulifanya mkutano wetu wa kwanza wa hadhara, hapa Puge. Mwenyekiti wetu wa mkoa alikuwa Mwalimu Masanja, sasa marehemu. Alikuwa na suti ya kaki na sauti ya radi. Akaeleza jinsi babu zetu walivyobeba pembe za ndovu na mizigo ya watu kwa miguu hadi pwani, na jinsi mzigo unavyobadilika jina wakati bega linabaki lile lile. Alisema kweli tupu. Alisema kweli tupu kwa saa tatu, juani. Mzee Ngollo, mkulima wa hapa, akanyoosha mkono: "Shikamoo siwezi kukupa, mwanangu, wewe mdogo. Ila nauliza. Jembe umelitaja mara arobaini. Umelishika lini?"

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu Masanja akavua koti, akaazima jembe, akalima tuta moja zima la viazi mbele ya mkutano. Tuta lilipinda kama barabara ya kwenda Ipole enzi zile. Alipomaliza, malengelenge mikononi, watu sitini na mmoja walichukua kadi. Usiku uleule Ndugu Theodora aliliandika jambo hilo, na mkutano mkuu wa chama ukalipitisha. Ndiyo Kanuni ya Saba: kiongozi yeyote, wa ngazi yoyote, kabla hajahutubia atalima tuta moja mbele ya wanachama.

Huyu mama hakuwa na mchezo nayo. Wenyeviti wamelima, wagombea wamelima, mgeni mmoja mwanamapinduzi kutoka nje alilima akiwa amevaa sandali, akajikata kidole cha mguu, akafungwa kitambaa, akamalizia. Mimi mwenyewe nikisema tu "moja, mbili, jaribio" kwenye kipaza sauti, nilidaiwa nusu tuta. Niliuliza: Ndugu Theodora, jaribio nalo ni hotuba? Akanijibu: "Sauti yako imetoka au haikutoka?"

Historia yetu si ya ushindi, nisiwadanganye. Mwaka 2001, katika mkutano wa Ziba, tulibishana siku mbili kama mfugaji mwenye ng'ombe kumi na wawili ni mvuja jasho au ni bepari. Ikapigwa kura. Wenye ng'ombe wakashindwa, wakafukuzwa chamani, wakaondoka na ng'ombe wao, na ng'ombe hao ndio waliokuwa wakikokota mikokoteni iliyotuleta. Tulirudi kwa miguu siku nzima, tumebeba spika zangu vichwani. Ndugu Theodora akawaambia viongozi: "Siku nyingine tufukuzane tukishafika nyumbani." Mwaka uliofuata aliwafuata wale wafugaji mmoja mmoja, akawaomba radhi. Nusu wakarudi. Wengine bado wana kinyongo, na wana haki.

Lakini kuna Ipole. Mwaka 2009 wakulima wa tumbaku kule walikuwa wanaachwa nje ya uzio wa soko wakati marobota yao ya tumbaku yanapangiwa madaraja na watu wasiowajua. Ndugu Theodora akaenda, akalima tuta la Suzana, mjane mwenye ekari mbili, kisha akasema sentensi sita, nilizihesabu. Ya mwisho ilikuwa: "Kalieni marobota yenu." Wakayakalia. Siku mbili, wanawake na wanaume, hakuna robota lililonyanyuliwa. Siku ya tatu lango likafunguliwa, wakaingia, wakasimama pale pale inapopangwa. Mpaka leo wanasimama. Kitabu cha historia ya chama kilichochapwa Dar es Salaam mwaka jana kina kurasa mia mbili, na Ipole haimo. Picha ya Katibu Mkuu imo mara kumi na nne.

Sasa nifike panaponiwasha. Februari mwaka huu, Katibu Mkuu wetu mpya, Ndugu Vedasto, alikuja kuhutubia hapa Puge. Alishuka kwenye gari na viatu vyeupe. Ndugu Theodora akamkaribisha vizuri, maji ya kunywa, kiti, kisha akampa jembe. Katibu Mkuu akasema, "Mama, mimi nimekuja kuongoza mapambano, sikuja kulima." Mama akasema, "Haya, baba, ongoza. Tuta ndilo hili." Vijana aliokuja nao wakacheka. Yeye akapita, akapanda jukwaani. Ndugu Theodora hakupiga kelele. Alinigeukia tu: "Fikiri, zima."

Nikazima. Ninajivunia kidole hiki kuliko safari zangu zote. Alihutubia watu mia mbili kwa sauti yake ya kuzaliwa, upepo ukaichukua, na watu wakaenda zao mashambani.

Wiki tatu baadaye ikaja barua. Kila kitu kizito cha mkoa huu kilikwenda pwani, na kutoka pwani tunaletewa barua. Ilisema Ndugu Theodora anatimiza miaka sitini mwezi Desemba, hivyo apumzike. Katiba ya chama chetu haina umri wa kustaafu! Mwalimu Masanja alikufa ni mwenyekiti, ana miaka themanini na mmoja. Barua ikaongeza kwamba Kanuni ya Saba "itaacha kutumika, kwa kuwa hailingani na sura ya chama cha kisasa". Hapo ndipo ukweli ulipo. Hawamstaafishi Theodora. Wanalistaafisha jembe, naye amesimama mbele yake.

Yeye alikataa tugombane. Aliniambia, "Andika, ila usitukane." Nimejitahidi, na mnaonijua mnajua nimeumia kiasi gani. Kamati ya sherehe hii ilipomuuliza anataka zawadi gani, sofa, kitenge au simu kubwa, alisema hataki kitu cha dukani. Anataka mgeni rasmi alime tuta lake moja, basi, ili mama akiondoka kazini ajue kanuni iko hai.

Mgeni rasmi wa leo ni Ndugu Vedasto. Angalieni ratiba, namba nne: hotuba ya mgeni rasmi. Kanuni ya Saba ilipitishwa na mkutano mkuu, na mkutano mkuu peke yake ndio wenye uwezo wa kuifuta. Haujakaa. Kwa hiyo, Ndugu Katibu Mkuu, karibu sana Puge. Tuta lako liko kando ya jukwaa, hatua thelathini, nimepima mwenyewe. Mvua ilinyesha juzi, udongo ni laini, hata mtoto wa mjini kama mimi analiweza. Jembe limeegemezwa kwenye spika, na spika imezimwa. Hakuna atakayekucheka likipinda. Tulianza na lililopinda.

Ndugu Theodora, ahsante kwa maranda, kwa marobota, kwa safari ya Ziba, na kwa kuninyima nafasi ya kusema bure. Tunakuombea siku ndefu zenye afya, mvua ya kutosha, na wajukuu wasiotishwa na barua. Jina lako ni namba tano kwenye ratiba, neno la shukrani. Nilipofika asubuhi kufunga nyaya, nilikuta tuta moja limeshalimwa, limenyooka, udongo bado mbichi. Kwako wewe nitawasha. Sema mpaka uchoke.