Kidevu cha Kwenda Ukweni

Basi dogo la kosta lilikuwa halijatoka Kilosa vizuri Lightness alipomsikia mzee wa kiti cha mbele akimhoji kijana aliyekaa naye. "Mjukuu wangu, hicho kidevu kimeumwa na siafu?"

"Shikamoo, babu. Ni wembe. Naenda Mikumi kujitambulisha ukweni, kwa kina mchumba wangu Lea, nikajinyoa. Nikaona bado, nikarudia kutoka chini kwenda juu."

"Marahaba. Hapo ndipo ulipokosea. Ndevu zina njia yake kama maji ya mfereji. Wembe mpya, maji ya moto, sabuni, unashuka nazo. Ukizipandia, zinalipiza kisasi."

"Mimi na wembe basi, babu. Nikirudi nanunua mashine."

"Mashine inapunguza, hainyoi! Ukweni utaonekana umetafunwa na mbuzi."

"Afadhali mbuzi kuliko siafu," kijana akajibu, na nusu ya gari ikacheka. Lakini mkono wake haukutoka kidevuni. "Wakidhani nina ugonjwa, je?"

Lightness alitamani kumwambia kwamba mtu aliyejikwaruza hivyo kwa ajili ya heshima hawezi kukataliwa. Aliliamini hilo kabisa, ingawa hakuwahi kuwa na ndevu wala wakwe.

Ubishi wa wembe na mashine ukawafikisha Mikumi. Gari liliposimama, kijana akashtuka. "Yule pale ndiye baba yake Lea. Kaja kunipokea mwenyewe!"

Lightness akachungulia dirishani. Mwanamume aliyevaa koti lililonyooshwa vizuri alikuwa amesimama stendi, akijipapasa kidevu. Kilikuwa kimejaa vipele vibichi.