Neno la Mmarekani na Safari ya Derrick

Mheshimiwa Absalom, mwenyekiti wa umoja wetu wa Wakenya hapa Shumaisi, Riyadh. Mama Mwanakhamis, uliyepanda ndege kutoka Jiddah ili tu uje kumuaga binti asiye wa damu yako. Ndugu wageni waalikwa, mliopewa ruhusa na waajiri wenu na mliojipa wenyewe. Na wewe Pauline, uliyeketi hapo mbele kama bibi harusi: hamjambo nyote.

Nimeambiwa nimsifu Pauline na nisichukue muda, kwa sababu madam wa baadhi yetu wanangoja chakula cha jioni. Basi niulize: ni nani humu hakufundishwa na Pauline kusema "halas, madam", yaani basi, imetosha, bila kuinua sauti wala kuinamisha kichwa? Mimi nilifika Riyadh nikiwa nimemwachia mama yangu mtoto wa miezi minane, nikawa nalia juu ya sufuria za watu. Pauline akaniambia, "Selipher, lia, lakini usichome wali." Maneno hayo ndiyo yaliyonisimamisha.

Lakini Pauline haendi nyumbani kupumzika; ana jambo la kuzuia. Mdogo wake, Derrick, ameahidiwa kazi ya ulinzi Urusi, na tiketi iko tayari. Ajenti amemwambia vita vya Ukraine vinaisha, Mmarekani na Mrusi walishakutana huku kwetu, mambo halas. Naye akamwambia dada yake, "Si nyinyi mko hapo hapo Riyadh? Mnaogopa nini?" Pauline ameniomba niseme, na simu yake iko wazi hapo mezani. Derrick, najua unanisikia. Keti vizuri.

Kweli, tuko hapa hapa. Mwezi wa pili, siku ile ya mkutano, nilikuwa ndani ya gari la bosi, nimempakata Hana, mtoto wa madam, akiwa na homa, tukasimamishwa barabarani. Yakapita magari meusi, mengi, kimya kabisa. Dereva akasema, "Hao ndio Wamarekani, wanakwenda kusema na Mrusi." Kaka yangu Zablon alikuwa ameshapelekwa mstari wa mbele, yeye aliyeitwa Urusi kwa kazi ya stoo, akatia sahihi karatasi asizoweza kuzisoma. Nikawaza: nyuma ya kioo kile kuna mtu ambaye neno lake laweza kulifikia shimo la vitani alilojificha kaka yangu kabla dua ya mama yangu haijafika. Ndugu zangu, jambo kubwa namna hiyo mtu huliweka wapi? Mimi hadi leo sijalipatia mahali.

Ikaja Ramadhani. Madam akasafiri nasi, yeye akaenda umra Makka, mimi na watoto tukabaki Jiddah, na Mama Mwanakhamis akatualika futari kwake Hindawiyah. Runinga ikasema Mmarekani, aliyekuwa amesitisha msaada wake kwa Ukraine, amekutana na Waukraine mji huohuo, na sasa ataurudisha. Mama Mwanakhamis akaweka kikombe chini. "Ebo! Yote haya mkono wa nchi moja tu?" Nami siku chache nyuma nilikuwa nimepata ujumbe wa sauti wa Zablon: "Dada, huku wanasema Mmarekani amechoka. Kwa hivyo tunasukumwa mbele." Tangu hapo sijaisikia tena sauti yake.

Mimi si msomi wa siasa. Nalea watoto. Ziyad, kaka yake Hana, ana miaka mitano. Kabla hajamnyang'anya dada yake kitu, hamtazami Hana, hunitazama mimi. Nikikaza macho, mkono unarudi. Nikiwa nimechoka nikageukia jiko, anachukua, na kesho anataka zaidi. Na nikisema, "Haya, mgawane," ili tu nipate utulivu, Hana hulia kuliko mwanzo, kwa maana doli ilikuwa yake. Hivyo ndivyo ninavyomwona Mmarekani, na Mrusi, na jirani yake Mwukraine. Ni uwezo wa kutisha, kutazamwa hivyo na mwenye bunduki. Namwomba Mungu ampe kila atakayeuongoza uwezo huo macho yasiyochoka.

Lakini Derrick, macho hayo hayakutazami wewe. Wakubwa wakikubaliana, hakuna atakayeuliza Zablon yuko shimo gani. Wakikosana, atakayetangulizwa ni mgeni asiyejua hata kusema "nimeumia" kwa lugha ya pale. Mkutano umekuwa Riyadh, umekuwa Jiddah, tumeuona kwa macho yetu, na Zablon hajarudi. Kila Jumapili mama yangu humpakulia chakula akakifunika. Jumatatu anawapa kuku. Unataka dada yako akamkute mama yenu akifanya hivyo?

Mheshimiwa mwenyekiti, mama yetu, ndugu zangu, nimewachelewesha na mmenivumilia. Asanteni kwa kunitegea masikio. Derrick, usikate simu. Dada yako anasimama sasa kukuuliza kama utapanda ndege ile, na sote humu tunangoja jibu lako.